Herufi hewa za Kiingereza: P ya "receipt" imenitia hasara ya vitabu 50

FundiWino

Wakuu, salaam.

Mimi ni mchapaji mdogo. Nina duka la steshenari, kompyuta mbili na printa moja inayokohoa. Nachapa vitabu vya risiti, kadi za michango ya harusi, vipeperushi, na mihuri nikiipata. Wiki iliyopita mteja wa vifaa vya ujenzi aliagiza vitabu 50 vya risiti. Nikapanga, nikachapa, nikakata, nikapiga gundi, nikabeba mwenyewe mpaka dukani kwake. Akafungua cha kwanza, akanitazama, akakifunga. Juu kabisa, kwa herufi nene, nilikuwa nimeandika CASH RECIEPT.

Nikamwambia, "Bosi, mbona inasomeka?" Akasema mkaguzi akiziona atajua ni za kughushi. Nikarudi na mzigo wangu. Hivi naandika, watoto wa jirani wanachorea magari upande wa nyuma.

Kupindua I na E ni kosa langu, sibishi. Kinachoniuma ni P. P niliiweka mahali pake sawasawa, na P ile haifanyi kazi yoyote! Herufi zinazofanya kazi nimezikosea, isiyofanya kazi nimeipatia.

Mnawakumbuka watumishi hewa? Jina kwenye orodha lipo, mshahara unatoka kila mwezi, ofisini hajawahi kuonekana. Sasa Kiingereza kimejaa herufi hewa, nami kwa hasira nimekaa siku tatu nafuatilia nani aliziajiri.

Anza na hiyo receipt. Waingereza walilipokea neno kutoka kwa Wanormani, watawala wao waliotoka Ufaransa, likiwa *receite*, safi, halina P. Baadaye wakaja wasomi waliokisujudia Kilatini, wakaona mzizi ni *recepta*, wakaipachika P kwa heshima ya marehemu. Cha ajabu, *deceit* na *conceit* ni wa ukoo huohuo, wao hawakupewa. *Debt* ilikuwa *dette*. B imeletwa kwa sababu Kilatini kilisema *debitum*. *Doubt* hivyohivyo. Shakespeare hata aliweka mwalimu kwenye mchezo wake mmoja wa kuchekesha, anawalaumu watu kwa kusema "det" bila kuitamka B. Watazamaji walicheka. Leo B ipo na hatuitamki, lakini ukiiacha kwenye mtihani unakatwa.

*Island* ndiyo kali kuliko zote. Hilo ni neno la Kiingereza chenyewe cha kale, *iegland*, na tangu kuumbwa kwake halikuwa na S. S iliingia kwa kufananishwa na *isle*, ambalo ni neno jingine kabisa, la Kifaransa, lenye asili ya Kilatini *insula*. Kwenye debt angalau walikuwa wanamlilia babu yao wa kupanga. Hapa wamelia kwenye msiba wa mtaa wa pili.

Sasa tazameni upande wetu. Sisi maneno haya tuliyapokea kwa sikio. Tukasema risiti, P hakuna. Saini, G ya *sign* hakuna. Kabati, P ya *cupboard* imebaki huko huko. Saikolojia na nimonia zote mbili P zimeachwa bandarini. Halafu kuna baiskeli, neno ninalolipenda kuliko yote. *Bicycle* ina C mbili: ya kwanza ni S, ya pili ni K. Aliyesema "baiskeli" kwa mara ya kwanza hakuwa na kamusi mfukoni, lakini alizitenganisha kama mtu anayechambua mchele: bai-s-k-eli. Sarakasi na *circus* hivyohivyo. Ukitaka kukagua hesabu za Kiingereza, chukua maneno tuliyowakopa.

Hoja yangu: C, Q na X zipunguzwe kazi. C ni ya K au ya S. Q ni K iliyofungwa pingu na U. X ni KS tu, ndiyo maana tunaandika boksi na teksi na hakuna aliyepotea njia.

Karibuni.

KijiweNongwa

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, C ukiifukuza, chai utaiandikaje?

FundiWino

C ya chai haipo peke yake, iko kwenye ndoa na H. Mimi nazungumzia C mhuni anayezurura.

TichaMstaafu

Mleta mada, pole na hasara. Nimefundisha somo hilo miaka mingi na kila mwaka nilikuwa naona aibu kwenye ubao. Kuna kanuni tuliyokaririshwa: I kabla ya E, isipokuwa baada ya C. Ungeishika, receipt ungeipatia. Tatizo ukiishika sana utakosea *science*, *species* na *ancient*, ambazo zote zina C na bado I imetangulia. Kwa hiyo sikulaumu sana.

Ila C unaionea. Ngoja nimtetee.

Warumi waliichukua herufi hiyo kwa jirani zao Waetruski, ambao lugha yao haikutofautisha sauti ya K na ya G. Ndiyo maana Warumi wa mwanzo walitumia C kwa zote mbili, na jina Gaius liliendelea kufupishwa "C." hata baada ya G kupatikana. G yenyewe ni C iliyoongezwa mkia, karne ya 3 kabla ya Kristo. Baada ya hapo C ikatulia, ikawa K tupu: Cicero alijiita Kikero. Ni karne za baadaye ndipo midomo ya watu wa Ulaya ilipoilainisha mbele ya E na I.

Waingereza wa kale wao waliitumia C kila mahali. Mfalme aliandikwa *cyning*, ng'ombe *cu*, malkia *cwen*. Mnaona? Hakuna Q hapo, na K ilikuwa haba sana. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi, na baada ya muda waandishi wenye mazoea ya Kifaransa ndio wakashika kalamu. Kwa Mfaransa, C mbele ya E au I ni S. Akiliona *cyning* angelisoma kwa S. Basi wakachukua K wakaiweka mbele ya E na I: *king*, *keep*. Mbele ya A, O na U hapakuwa na hatari, C ikaachwa: *cat*, *cow*. *Cwen* wakaivalisha suti ya Kifaransa, ikawa *queen*. Halafu, kwa kuwa C sasa ilikuwa na uwezo wa kuwa S, wakaitumia hata pasipo na haja: barafu ilikuwa *is*, ikawa *ice*, panya walikuwa *mys*, wakawa *mice*.

Kwa hiyo C alikuwa na kazi moja, wakampa mbili, halafu leo FundiWino anamwita mhuni.

KijiweNongwa

Ticha nimekuelewa lakini bado simsamehe. Na hizi *though, through, tough, cough, bough*? Mkia mmoja, vichwa vitano. Mimi hizi ndizo zilinifanya niende VETA.

FundiWino

Kwa hesabu ya kichapaji, *through* ni herufi saba kwa sauti tatu. *Knight* herufi sita, sauti tatu. Wino siyo bure jamani.

BintiPwani

Assalaam alaykum. Kwenye hizo gh nina la kusema, nikiwa mtu wa Unguja.

Hiyo GH ya *night* na *thought* haikuwa hewa tangu mwanzo. Zamani neno lilikuwa *niht*, na hiyo H ya katikati ilitoka kooni, jamaa wa KH yetu ya kheri na subalkheri. Wale waandishi walikuwa hawana herufi ya sauti hiyo kwenye Kilatini, wakaishia kuandika GH. Sauti ikafa. Kwingine ikageuka F, ndiyo *tough* na *cough*. Herufi zikabaki kama kibao cha duka lililohama.

Nacheka kwa sababu ukimchukua bibi yangu mzaa mama ukamwambia asome *night* kwa kila herufi, angeisoma karibu na walivyoisoma wenyewe miaka 700 iliyopita, kuliko mtangazaji wa London wa leo.

MzeeWaHamburg

Nathibitisha. Niko Ujerumani mwaka wa 14 sasa. Huku usiku ni *Nacht* na hiyo CH inakwaruza koo kila siku. Goti ni *Knie* na K inasikika kabisa, k-nie. Mwingereza naye alikuwa anaitamka, akaja kuiacha karne ya 17 hivi. Alipoacha kuitamka alikuwa keshaiandika mno, hakurudi nyuma kuifuta.

SajentiMstaafu

Nimeona mmeacha jeshi nje. Andikeni *colonel*. Tafuteni R. Haipo. Msikilizeni Mmarekani anavyotamka: R ndiyo imekaa mahali pa L ya kwanza. Nilipokuwa kozi niliuliza, mkufunzi akaniambia nikimbie uwanja mara tatu.

TichaMstaafu

Sajenti, ungeniuliza mimi usingekimbia. Waitalia walisema *colonnello*, kiongozi wa safu. Wafaransa wakapindisha ulimi wakasema *coronel*, na Waingereza wakachukua hilo kwa mdomo. Baadaye wasomi wakarekebisha maandishi yarudi Kiitaliano, lakini midomo ikakataa kufuata. Ndipo wakabaki na tahajia ya Italia na matamshi ya Ufaransa. Sisi tukasema kanali, tukaandika kanali, tukapiga saluti.

SajentiMstaafu

Na luteni? Mwingereza anatia F, "leftenanti". Hiyo F ameipata wapi?

KijiweNongwa

Sajenti, mara tatu uwanja.

FundiWino

Wakuu nimerudi, na nimerudi na kitu kilichoninyima usingizi. Hebu nisomeni taratibu.

Mwaka 1476 bwana mmoja William Caxton alifungua mtambo wa kwanza wa uchapaji Uingereza, pale Westminster. Alikuwa mfanyabiashara, kazi ya uchapaji kajifunzia Cologne, Ujerumani, lakini kaishi miaka mingi Bruges, huko kwa Waflemi, Ubelgiji ya leo. Mafundi wa kupanga herufi aliwapata ng'ambo hukohuko. Watu wazuri, lakini Kiingereza wanakijua kama mimi ninavyokijua: cha kazini. Neno la mzimu lilikuwa linaandikwa *gost*. Kwao Flanders wanaandika *gheest*. Mkono wa fundi ukaenda kwenye mazoea, ikatoka *ghost*. H ikabaki mpaka leo. Walijaribu pia kuitia kwenye bata bukini, *goose*, na kwenye mbuzi, *goat*, huko haikushika.

Yaani herufi hewa imeingia kwenye neno la mzimu, na aliyeiingiza ni fundi mwenzangu.

Kuna nyingine. Waingereza walikuwa na herufi yao ya sauti ya TH, kama P yenye tumbo katikati: Þ. Herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilizotoka Ulaya bara hazikuwa nayo. Mteja anasubiri, utafanyaje? Kwenye mwandiko wa siku zile ilikuwa imeshaanza kufanana na Y, wakaweka Y. Ndiyo maana vibao vya baa za Kiingereza za kujifanya za kale vimeandikwa "Ye Olde". Hiyo Ye ni *the* tu! Hakuna aliyewahi kusema "ye". Ni fundi aliyeishiwa herufi.

Na kabla ya mitambo walikuwepo wenye kalamu. Mwandiko wa enzi hizo, m, n, u, i na v zote zilikuwa vijiti vya wima, kama ukuta wa fito kabla ya kukandikwa udongo. Andika *minimum* kwa mtindo ule, unapata vijiti 15 vimesimama, hujui wapi herufi inaanzia. Mwana aliandikwa *sunu*, upendo *lufu*. Waandishi wakaona macho yanaumia, U ikikaa karibu na n, m au v wakaibadilisha kuwa O. Ndiyo *son*, *love*, *come*, *monk*. Matamshi yalibaki ya U. Leo mtoto anachapwa kwa kusoma "lov", kumbe O iliwekwa kupumzisha macho ya mtu aliyekuwa anaandika kwa mshumaa.

Mnaelewa kinachoniuma? Fundi wa Caxton alikosea, kosa lake likawa sahihi mpaka kwenye mitihani ya taifa. Mimi nimekosea, nimekula vitabu 50. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na mtambo mji mzima hauna. Mimi nina washindani wanne barabara hiyohiyo.

JirekebishePlz

Naona watu wanatoka povu, hakuna aliyetaja *ghoti*. GH ya tough, O ya women, TI ya nation. Unapata fish, samaki! Bernard Shaw, yule mwandishi wa tamthilia, alimaliza mjadala zamani.

TichaMstaafu

Mwanangu, kichekesho hicho kipo kwenye barua ya mwaka 1855. Shaw alizaliwa 1856. Labda alikitunga tumboni.

Halafu chenyewe ni cha uongo. GH ikianza neno haiwi F hata siku moja, na TI ikimaliza neno haiwi SH. Kiingereza kina fujo, lakini ni fujo yenye mitaa.

Kimvita_Asili

Nimesoma nikanyamaza, sasa naona watu wa bara mwajisifu sana. Herufi zenu zote zafanya kazi? Haya, niandikieni *paa*.

Paa la nyumba na paa wa mwituni. Kwa Mmvita hayo ni maneno mawili, hayafanani hata kidogo. Yule mnyama P yake ina pumzi, p'aa, ukiweka kiganja mbele ya mdomo wahisi upepo. Kaa la moto na kaa wa pwani, hivyohivyo. Mwaka 1928 walikutana hapa hapa Mombasa kwetu, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. 1930 ikaanza kamati ya kusimamia vitabu vya makoloni manne. Pumzi zetu hazikuingia kwenye vitabu. Kiingereza kina herufi zisizo na sauti. Nyinyi mna sauti zisizo na herufi. Kipi kibaya zaidi?

Na kabla ya hapo, mashairi yetu yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu zenye irabu tatu, sisi tuna tano. *E* na *I* zilivaa kanzu moja. Msomaji alipaswa kuijua lugha kwanza ndipo asome. Herufi za kuazima ni kama viatu vya kuazima, zitabana tu. Hata huyo Mwingereza, alfabeti ya Kirumi alipewa na wamisionari. Irabu tano kwenye karatasi, mdomoni anazo karibu ishirini.

BintiPwani

Kaka Kimvita, ahsante. Sisi Unguja tunasikia tofauti ya paa, usituweke kapu moja na wa bara.

FundiWino

Kimvita, umenipiga pabaya na nimekubali. Sikuwahi kuijua hiyo ya pumzi. Nimejaribu kiganja mbele ya mdomo hapa dukani, mteja amedhani nanusa pombe.

Lakini huoni unaniunga mkono? Wino alikuwa nao nani 1930?

MzeeWaHamburg

Swali la kizembe: kwa nini wasikae tu wakasafisha? Wajerumani walikaa 1996 wakabadilisha tahajia, watu wakagombana, maisha yakaendelea.

TichaMstaafu

Wamejaribu. Benjamin Franklin mwaka 1768 alitunga alfabeti mpya. Akafukuza C, J, Q, W, X na Y, akaleta herufi sita zake. FundiWino, huyo alikuwa wa ukoo wenu, mchapaji wa taaluma. Haikwenda popote. Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, akafanikiwa kidogo: *color* bila U, *center* badala ya *centre*. Alikuwa na kitabu cha tahajia mashuleni, watoto wakakua nacho. Lakini alipotaka *tung* kwa ulimi na *wimmen* kwa wanawake, walimkatalia. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt akaagiza mpiga chapa wa serikali atumie maneno 300 yaliyorahisishwa. Magazeti yakamfanya kikaragosi, Bunge likakataa, mwaka haujaisha akarudi nyuma.

Na kuna ugumu wenyewe. Ukiandika kama unavyosema, utaandika anavyosema nani? Mtu wa Glasgow, wa Texas na wa Lagos watatoa vitabu vitatu.

KijiweNongwa

Kwa hiyo rais wa Marekani kashindwa na FundiWino analia vitabu 50. Mkuu kubali yaishe.

Swali la nje ya mada. Umesema una duka la steshenari. Kibao cha mlangoni umeandika nini, na umekichora mwenyewe?

FundiWino

Nimekichora mwenyewe. Kwa nini?

KijiweNongwa

Kuna E au A kabla ya R ya mwisho?

FundiWino

Subiri.

SajentiMstaafu

Ametoka nje kuangalia huyo.

KijiweNongwa

Dakika ya 20 hii.

FundiWino

Nimeandika STATIONARY. Miaka sita. Taa zimezungushwa.

KijiweNongwa

Hahahaha. Yaani duka lisilotikisika. Duka lililoegeshwa.

TichaMstaafu

FundiWino, usikishushe bado. Maneno hayo mawili, la A na la E, mzizi wao ni mmoja. Zamani za kati, wauza vitabu wengi Ulaya walitembeza bidhaa kama machinga. Aliyepata kibanda cha kudumu, mara nyingi karibu na chuo kikuu, aliitwa kwa Kilatini *stationarius*, yaani aliyetulia mahali pamoja. Kutoka kwake ndiyo Kiingereza kikapata *stationer*, na bidhaa zake zikawa *stationery*. Ile A ya kwako ipo kwenye jina la babu wa biashara yako.

FundiWino

Kwa hiyo kibao kinabaki?

TichaMstaafu

Kwa Kilatini kinabaki. Kwa yule mteja wako wa vifaa vya ujenzi, kishushe leo jioni.

Kimvita_Asili

Andika DUKA LA VIFAA VYA OFISI umalize.

FundiWino

Kibao ni futi nane, Kimvita. Hayo maneno hayaenei. Natafuta rangi nyeupe nigeuze hiyo A iwe E. Kuna mtu ana ngazi karibu na Tandika?